Kabla Hujaileta Celica Mombasa

Kibokoni, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako nilimwona jana ana siha njema, ila lile gari linamnyima usingizi. Ameniomba nikwambie usilichukue. Hilo sikwambii, kwani pesa ni zako na umri wa kuamua umeufikia. Wewe umeniuliza habari za bima, na bima ndiyo kazi iliyonilea katika ofisi za madalali pale Nkrumah Road na Moi Avenue mpaka nikastaafu, basi nitakujibu hilo ulilouliza.

Mapenzi yako nayaelewa. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, Waldegård akiiendesha mara mbili na Kankkunen mara moja kati yake. Ikarudi kwa sura nyingine ikashinda 1990, kisha ikashika miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na huo wa 1994 aliyekuwa nyuma ya usukani ni Ian Duncan, Mkenya mwenzetu. Vijana wa rika langu waliyafuata matokeo hayo redioni barazani, na wengine mpaka leo wakisikia jina la Celica hunyanyua kichwa. Kwa hivyo uliponitumia picha ya hiyo ya 1996, nyekundu, milango miwili, sikushangaa hata kidogo.

Lakini kampuni ya bima haitazami hayo. Inatazama gari likigongwa litagharimu kiasi gani kutengenezwa, na anayeliendesha ni nani. Toyota iliacha kuunda Celica mwaka 2006. Taa yake ya mbele huipati kwa muuza spea wa kawaida. Unaiagiza Sharjah kwenye yadi za magari yaliyovunjwa, au unaingoja mpaka Celica nyingine ife. Na Celica nyingine haziongezeki, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kisha wewe mwenyewe hujatimiza miaka ishirini na mitano. Gari la kasi, kuukuu, spea adimu, dereva kijana: karani yeyote akiyaona hayo kwenye fomu moja, bei inapanda kabla hajainua kalamu.

Unasema kampuni mbili zimekataa kukupa bima kubwa, ile inayokinga hata gari lenyewe, na ya tatu imekubali kwa bei inayouma. Waliokataa usiwaone wamekudharau. Kampuni nyingi hapa hazitoi bima kubwa kwa gari lililopita miaka kumi na miwili au kumi na mitano, liwe Celica au liwe gari la mwalimu. Hiyo ya tatu ndiyo nataka tuipigie hesabu, maana kijana akishakataliwa mara mbili humkumbatia wa tatu bila kumsoma.

Tuseme mthamini amesema gari ni la shilingi 600,000, nao wanataka asilimia sita. Hiyo ni 36,000 kwa mwaka. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni shilingi 72, ya mfuko wa fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, ambayo ni shilingi 90, na stempu ya shilingi 40. Jumla ni 202. Mtu akikuandikia elfu mbili na kuziita ada za serikali, mrudishie karatasi yake. Sasa ugongwe. Kuna sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe, ile wanayoiita ekses. Dereva kijana huongezewa nyingine juu yake. Likiibiwa nalo halina kifaa cha kulifuatilia, mara nyingi hukukata asilimia ishirini ya thamani, yaani 120,000 kwa mfano wetu. Na kwa kuwa spea ni ghali na thamani ni ndogo, mgongano wa kuvunja taa, boneti na bampa unaweza kukaribia nusu ya bei ya gari, hapo kampuni ikaona ni nafuu kulifuta. Watakulipa bei ya soko ukitoa ekses, na mabaki watayachukua wao. Utakuwa umelipa bima kubwa ili ulipoteze gari kwa ajali ambayo fundi wa bodi wa Shimanzi angeimaliza kwa wiki mbili.

Ndiyo maana nakwambia uanzie upande mwingine kabisa. Anzia kwa watu.

Unarudi kuishi Mji wa Kale. Gari hilo litapita Ndia Kuu. Ipite wewe mwenyewe kwa miguu saa za magharibi ukumbuke ilivyo: watoto wanatoka madrasa wakikimbizana, mkokoteni wa maji unashuka na madumu yake na mwenyewe amejitia mbele kuuzuia, wazee wako barazani miguu imefika njiani, na tuktuk inajipenyeza pale ambapo hata baiskeli ingesita. Hakuna kando ya barabara, kuna ukuta tu. Bima ya lazima Kenya, iliyo katika Sura ya 405 ya sheria zetu, iliwekwa kwa ajili ya hao. Inamlinda mtu wa tatu akifa au akiumia kwa gari lako. Wewe na gari lako haikuhusuni. Na ina kikomo: hukumu ya mahakama ikitoka, kampuni inabanwa kulipa hadi shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo ni juu yako, mshahara wako na kile kiwanja alichokuachia babu yako.

Mali ya watu ni habari nyingine. Sheria hiyo inazungumzia miili na uhai, haikulazimishi kukinga duka la mtu wala mlango wake wa nakshi uliochongwa kabla babu yangu hajazaliwa. Kampuni nyingi huongeza kinga ya mali ndani ya mkataba, ila kila moja na kikomo chake. Uliza kikomo hicho ni shilingi ngapi, ukione kimeandikwa. Kama kuna njia ya kukipandisha kwa nyongeza ndogo, hapo ndipo nataka pesa yako iende, kabla ya kioo, kabla ya redio, kabla ya kitu chochote cha Celica yenyewe.

Ukishatengeneza hapo, kuna bima ya kati ambayo mawakala hawaitaji sana kwa kuwa haiwaletei kamisheni ya maana: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kwa gari kama lako naiona ndiyo ya haki. Hasara mbili zitakazoliondoa gari lote kwa usiku mmoja zimekingwa, na mikwaruzo unaibeba wewe. Ile tofauti ya bei kati yake na bima kubwa usiile. Iweke pembeni kila mwezi, iwe ndiyo pesa ya taa ya Sharjah. Kampuni ikikwambia hata moto na wizi haiwezi kwa sababu ya umri wa gari, mwombe dalali aandike barua rasmi kwa kampuni nyingine, aambatishe picha na ripoti ya mthamini. Karani wa dirishani hana mamlaka ya kuvunja kanuni ya umri, lakini mkubwa wake wa ofisini anayo, na nimeona akiitumia alipoletewa gari lililotunzwa na karatasi zilizopangika.

Kuhusu mthamini, kampuni itakupa barua uende kwa AA Kenya au kwa mthamini mwingine anayekubalika. Usimpelekee gari lililooshwa juu tu. Nimesimama na watu hao mara nyingi. Mzoefu hatazami rangi. Anapinda kidole, anagonga juu ya gurudumu la nyuma kuanzia mlangoni kwenda kwenye taa, anasikiliza. Bati linalia. Pakifika mahali sauti imekufa, anatoa sumaku mfukoni, isiposhika anajua hapo pana pati, na chini ya pati pana kutu. Kisha anafungua buti, anainua zulia, anatia mkono pale tairi la akiba linapokaa, anautoa autazame kama una unga mwekundu. Gari lako limeishi Nairobi, huenda akautoa mkono msafi. Likishakaa huku mwaka mzima na upepo wa chumvi wa bahari, usitarajie hivyo, kwa hiyo ripoti ya sasa itunze sana, ndiyo ushahidi wako wa hali iliyokuwa.

Thamani atakayoitoa usiipunguze ili ulipe kidogo. Najua wapo watakaokushauri. Gari la 800,000 ukiliandikisha 400,000, kampuni ina haki ya kukuhesabu kuwa umekata bima ya nusu ya gari. Ukipata hasara ya 200,000 watakulipa 100,000, na ekses bado hawajaitoa. Kinyume chake pia hakina faida, maana ukiandika zaidi ya bei ya soko utalipia kitu ambacho hakitalipwa. Unaweza kuuliza kama wanakubali thamani ya makubaliano, iliyofungwa tangu mwanzo wa mkataba. Ni wachache wanaoikubali, lakini kwa gari adimu swali hilo lina haki ya kuulizwa.

Na fomu uijaze kwa ukweli wote. Kama rimu si za asili, andika. Kama springi zimekatwa gari likae chini, andika. Kama mwenyewe wa zamani alitia turbo, hilo ndilo la kuandika mwanzo. Andika linalala wapi, na hapa nakushauri ukodi nafasi kwenye yadi yenye mlinzi, Ganjoni au Kizingo, kuliko kuliegesha chini ya dirisha lako likwaruzwe na kila mkokoteni. Ukifunga na kifaa cha kulifuatilia, ile asilimia ishirini ya wizi hushuka sana, na gharama ya kifaa itajirudi. Kama ndugu yako ataliendesha, mtaje.

Kuna jambo la harusi, nalo nalisema waziwazi kwa kuwa najua litakuja. Gari jekundu la milango miwili, hapa Mombasa, kila bwana harusi atalitaka. Kumpeleka rafiki yako bure ni sawa. Siku utakayopokea pesa, bima ya matumizi binafsi haikukingi tena, kwa sababu umelikodisha. Nakumbuka mtu mmoja aliyegonga akitoka kupeleka maharusi, picha za harusi zikawa ndizo ushahidi wa kampuni dhidi yake, maana utepe ulikuwa bado umefungwa kwenye boneti na stakabadhi ya malipo iko kwenye simu ya bibi harusi. Dai lake lote lilikataliwa, na kwa mkataba ule walikuwa na haki. Mbio za usiku nazo zimekatazwa katika mikataba yote niliyowahi kuisoma, na sitaki kusikia umezikaribia, iwe kuna bima au hakuna.

Kampuni ya bei ya chini kabisa ichunguze. Kenya National Assurance ilianguka 1996. United ikawekwa chini ya msimamizi 2005, Blue Shield 2011. Wenye magari waliokuwa wamelipa kila senti walibaki na kesi za watu waliowagonga na hakuna wa kuwalipia. Mfuko wa fidia upo, lakini una kikomo kilicho mbali sana na hukumu ya mahakama. Mamlaka ya bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni zenye leseni kila mwaka, anza hapo. Kisha uliza madalali wawili wasiojuana kampuni hiyo inalipa kwa muda gani. Ukilipa, lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya wakala, kwani kwa sheria yetu kinga haianzi mpaka ada ifike. Cheti siku hizi ni cha kidijitali kupitia mfumo wa AKI, chama cha kampuni za bima. Mwambie wakala akithibitishe mbele yako, namba ya gari na namba ya chesisi zote mbili.

Umeuliza takaful. Ipo Kenya tangu 2011, na kwa anayetaka kujiepusha na riba ni mlango mwema, nami naupenda. Washiriki wanachangiana, na ziada ikibaki inaweza kugawanywa kwao. Ila usiingie kwa kudhani ni rahisi zaidi. Mthamini ni yuleyule, na Celica ni ileile.

Harusi ya binamu yako Tanga ukitaka kwenda nayo, bima ya Kenya inaishia Lunga Lunga. Omba Kadi ya Njano ya COMESA mapema, zinaitoa kampuni hizohizo.

Jumamosi baada ya laasiri nitakuwa nyumbani. Gari liache hukohuko kwa mwenyewe, kwa kuwa bado halina bima, panda treni. Njoo na nakala ya logbuku, leseni yako, na ile barua ya bei ya kampuni ya tatu, tuusome mkataba wao pamoja kuanzia ukurasa wa yale wasiyoyalipa. Mama yako anakusalimu, na anasema ulete na majani ya chai ya Kericho.

Wassalaam,
Mjomba wako