Kitanda cha bibi chang'aa tena Mafia
Wanaovuka kwa boti kutoka Nyamisati hulakiwa Kilindoni na mashua zilizopakwa rangi. Rangi kama hizo zinaweza kufufua kitanda cha kamba alichoacha bibi. Mbao ngumu huvumilia. Kinachotangulia kuharibika ni misumari, kwa chumvi ya bahari, na kamba, ambayo kwenye kisiwa cha minazi husokotwa upya kwa makumbi. Tendegu lililochongwa vizuri latosheka na mistari miwili ya buluu. Maua kila mahali ni fujo.

Ila mzazi, angalia rangi ya zamani. Huenda ina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Usiikwangue kavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, nje, watoto wakiwa mbali, na ufute mabaki yote kabla hawajarudi.