Mguu Wangu Una Zabibu na Mbuzi

Nilivunjika muundi kwenye mechi ya ndondo, uwanja wa vumbi huku kwetu Chang'ombe, Dodoma. Mimi ni beki wa kati. Nililala chini kuuondoa mpira, mshambuliaji akatua juu ya mguu wangu. Mlio niliusikia kabla ya maumivu. Wenzangu walinipakia kwenye bajaji, mguu umefungwa kwa kipande cha boksi na kamba za viatu.

Hospitali ilitaka malipo ya awali ya upasuaji. Kiongozi wa timu alikuja jioni ile, akaniachia soda na pole, na tangu hapo simu yake ikawa inaita tu. Mama aliuza zabibu za Agosti kwa bei ya mlanguzi, hazijakolea hata sukari. Mjomba akauza mbuzi huko Bahi. Ndivyo chuma kilivyoingia mguuni.

Nikiwa kitandani, hogo linawasha na bando ni la kuombaomba, nilikutana na habari za Mathias Kiwanuka. Alikuwa mlinzi wa New York Giants, ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa kofia ngumu. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfuata mrushaji na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, asili yake Uganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, ambaye baadaye akiwa jaji mkuu alikamatwa na askari wa Idi Amin mahakamani Kampala, Septemba 1972, asionekane tena. Babu yangu, aliyepigana vita ya Kagera, jina la Kiwanuka alilijua vizuri. Mchezo wenyewe aliuita mieleka ya wenye haraka.

Giants walimchukua Kiwanuka mwaka 2006. Novemba 2007 akavunjika mguu, na Februari 2008 wenzake wakatwaa ubingwa wa Super Bowl yeye akiwa nje. Mwaka 2010 msimu ndiyo kwanza umeanza, shingo ikamtoa tena. Shingo, jamani, katika mchezo wa kugongana! Akarudi 2011. Februari 5, 2012 Giants wakawafunga New England Patriots 21-17, fainali ikichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Wanaosimulia habari zake husifia moyo. Moyo alikuwa nao, sibishi. Ila mimi kilichonigusa ni orodha ya majeruhi: kule mchezaji akiumia kazini jina linaandikwa humo, mshahara unaendelea, na daktari wa timu anaufuatilia mguu wake. Moyo hata mimi ninao. Nilichokosa ni hiyo orodha.

Mazoezi ya viungo nilifanyia nyumbani, nikiviringisha chupa ya maji kwa unyayo huku mama akichambua mlenda na kunikaripia nikipumzika. Magongo yalinichubua kwapa. Baridi ya Julai ikija, chuma bado kinauma hadi jua lipande. Lakini nacheza, tena namba ile ile, japo mbio zimepungua na siku hizi nategemea zaidi kusoma mchezo.

Viongozi wa timu za mchangani, michango ya jezi mnaipata kila msimu. Kabla ya kushona jezi mpya, wakatieni wachezaji bima ya afya.