Habari za Mwalimu Pat Summitt

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikiita majina darasani, nalimwita msichana mmoja kwa jina la mama yake. Watoto wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana mama yake nalimfundisha katika chumba kile kile. Lakini siku ya pili nikakosea vivyo hivyo, na siku ya tatu jina likanipotea kabisa, nikajifanya kutafuta chaki. Jambo hili sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku zile zile nalisoma habari za mwalimu mmoja wa Marekani, nazo zimenikaa moyoni.

Jina lake Pat Summitt, binti wa mkulima, naye alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Tennessee. Alikuwa na kaka watatu, akacheza nao mpira wa kikapu ghalani, penye majani makavu ya ng'ombe. Shule ya mahali walipokaa haikuwa na timu ya wasichana. Basi baba yake akahama na jamaa yake yote, wakakae karibu na shule yenye timu. Msomaji, mfikiri baba huyo! Mimi binti yangu nalimkataza hata kukimbia mashindano, nikasema kwamba kazi ya nyumbani yamtosha.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 22 tu, akapewa kazi ya kuwafundisha mchezo huo wasichana wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Nguo za wachezaji alizifua mwenyewe, na gari la safari aliliendesha mwenyewe. Mchezo wa kwanza kabisa alishindwa, tena kwa pointi moja.

Hakuwa mpole. Akimkazia mchezaji macho, ilitosha. Katika miaka 38 alishinda michezo 1,098, na ubingwa wa vyuo vya nchi nzima akautwaa mara 8. Na mwaka 1984 timu ya wanawake wa Marekani, aliyoiongoza yeye, ilipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles. Lakini mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nalishangazwa zaidi na jambo jingine. Aliwaagiza wasichana wake waketi safu za mbele darasani, na asiyehudhuria masomo hakucheza. Kila mmoja aliyekaa naye hata kutimiza miaka yake ya kucheza alipata shahada.

Kisha mwaka 2011 madaktari wakamwambia kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ambao hula kumbukumbu za mtu kidogo kidogo. Angaliweza kuficha kwa muda; watu wengi wangalisema ni uchovu tu. Yeye mwezi wa Agosti aliwaambia wachezaji wake, akautangazia na ulimwengu, akasema ataendelea kufundisha. Akafundisha msimu mmoja tena, wasaidizi wake wakimchukulia sehemu kubwa ya mzigo. Aprili 2012 akaiacha kazi mikononi mwa Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake zamani, kisha msaidizi wake kwa miaka mingi. Akafariki Juni 2016, mwenye miaka 64.

Mwezi ule wa Agosti ndio uliyoninyima usingizi. Mtu aliyeogopwa kwa macho yake tu, akasimama mbele ya wasichana wale wale akawaambia kwamba anasahau! Nami nalikuwa nikijificha nyuma ya chaki.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu mkuu, ambaye naye nalimfundisha kusoma. Nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, macho chini, kisha akasema, "Mwalimu wangu, sisi tulikwisha kuona. Tulikuwa tukingoja useme mwenyewe."

Wiki ijayo atanisindikiza kwa daktari. Na asubuhi yule msichana mwenye sura ya mama yake ndiye anayeita majina sasa, nami nasimama kando yake na kumtazama kila anayeitika.