Sweta ndani ya ngoma

Juzi nimegombana na mhariri wangu. Si ugomvi wa kukunjana mashati, hapana. Ule wa kutoka chumbani huku mdomo unasema "sawa mkuu" na moyo unasema mengine kabisa.

Chanzo ni mafuta ya kukaangia samaki. Nilikwenda soko la Feri, hapa Dar, kuandaa kipindi cha redio kuhusu akina mama wanaokaanga samaki pale. Nikakifungua kwa sekunde nane za kikaango: chaaaaa! Hakuna anayeongea, mafuta tu. Ndipo mama mmoja anaanza kueleza bei ya mafuta ilivyompandia. Mhariri akazikata sekunde zote nane, akasema ni kelele. Kipindi kikaenda hewani kisafi, utadhani mama yule alihojiwa ofisini kwa mkuu wa wilaya. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, mbona jiko langu hukuliweka?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nikawasikiliza Beatles. Najua, wapo mtakaosema huyu naye kaishiwa, vijana wa Liverpool wa miaka ya sitini na samaki wa Feri wapi na wapi? Subirini kidogo.

Tarehe 6 Aprili 1966 Beatles waliingia studio za EMI, Abbey Road, London, kuanza kurekodi albamu iliyokuja kuitwa Revolver. Wimbo wa kwanza kuushika ulikuwa Tomorrow Never Knows. Studio ile ilikuwa na nidhamu ya hospitali, maana hata mafundi wa mitambo walivaa makoti meupe, na ulikuwepo utaratibu wa maikrofoni ikae umbali gani na chombo. Sasa fundi wao mpya wa kurekodi, Geoff Emerick, alikuwa na miaka 20 tu. Akachukua sweta la sufu, akalisokomeza ndani ya ile ngoma kubwa ya Ringo Starr inayopigwa kwa mguu, kisha akaisogeza maikrofoni karibu mno kuliko ilivyoruhusiwa. Ngoma ikatoka nzito, inagonga kifuani. Alisimulia baadaye kwamba wakubwa walimwandikia barua: ruhusa anayo, ila kwa Beatles peke yao! (Barua za maofisini ni zile zile dunia nzima.)

John Lennon naye akaleta yake. Alitaka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama akiimba juu ya mlima. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Emerick aliipitisha kwenye spika ya kinanda cha Hammond, ile yenye pembe inayozunguka ndani, na sauti ikawa inayumba kama inatoka mbali. Paul McCartney akaja na vipande vya utepe alivyovitengeneza nyumbani, ncha zimeungwa ili sauti ijirudie bila kukoma. Kimojawapo ni kicheko kilichochezewa mpaka kikawa kama mlio wa ndege wa baharini. Mashine zikawashwa vyumba mbalimbali vya jengo, wafanyakazi wamesimama wanaushikilia utepe kwa penseli usilegee. Penseli! Kwenye chumba cha mitambo wakawa wanapandisha sauti hii na kushusha ile, papo hapo, ndiyo maana mchanganyiko ule haurudiwi.

Hawakuwa wa kwanza kucheza na sauti zilizorekodiwa. Mwaka 1944, Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha redio, akarekodi sherehe ya zaar, ile ngoma ya kupunga pepo, kisha akaigeuza kwa mwangwi hadi ikawa muziki mwingine. Mashine ya redio, jamani! Hilo silimwambii mhariri leo, nalihifadhi.

Ila Beatles waliyatia mambo haya kwenye nyimbo za kuuzwa kila duka. Agosti 29 mwaka ule ule wa 1966 walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa kiingilio, San Francisco, na studio ikawa ndiyo chombo chao. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, Chemical Brothers walitoa Setting Sun, na mapigo ya Ringo unayasikia mle kama kivuli. Fundi mwingine wa pale EMI, Ken Townsend, alibuni namna ya kuirudufu sauti ya mwimbaji kwa mashine, kwa kuwa Lennon alichoka kuimba wimbo mmoja mara mbili. Leo kijana wa Sinza mwenye kompyuta ya mkononi anabonyeza kitufe kimoja tu, sauti ya msanii wa Bongo Fleva inakuwa mbili. Sisemi yote yametoka kwa Waingereza wale. Wajamaika nao walikuwa na maujanja yao, na makubwa. Nasema tu kwamba sweta ni sweta na penseli ni penseli, hata hapa zipo.

Jumamosi narudi Feri. Safari hii maikrofoni naisogeza karibu na kikaango hadi mafuta yanirukie, na mama nimeshamuahidi. Mhariri nimemwomba asikilize zile sekunde nane akiwa amefumba macho, kabla hajakata.

Amenijibu, "Tutaona."