Bastola ya babu kabatini, mtoto sebuleni

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Oktoba, saa nne asubuhi, katika nyumba moja ya vyumba vitatu huko Chamazi, wilayani Temeke. Mtoto wa kiume wa miaka saba alipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafungua mlango wa juu wa kabati la baba yake na kushusha kifurushi kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Mama yake alikuwa uani anaanika nguo. Bibi yake alikuwa barazani anachambua mchele. Baba alikuwa Tandika, kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio.

Ndani ya khanga ile mlikuwa na bastola.

Mtoto hakuikuta kwa bahati mbaya. Alijua ilipo, kwa sababu kila Jumapili jioni alimwona baba yake akiishusha, akiifuta kwa mafuta ya cherehani na kuigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Siku hiyo akafanya alichokuwa anaona. Aliikoki kwa vidole gumba viwili, akamwelekezea mdogo wake wa miaka minne aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akavuta. Ikalia "ka!" Mdogo wake akacheka. Akaikoki tena, akavuta tena. "Ka!"

Bibi alisikia mlio huo na hakuupenda. Alipochungulia sebuleni alimkuta mjukuu wake anahangaika kuikoki mara ya tatu, vidole vimechoka. Hakupiga kelele wala hakumrukia.

"Mume wangu," alimwita kwa sauti ya chini, kama anavyomwita siku zote, "hebu kiweke hicho chini kwenye mkeka, uje huku nikupe kitu."

Mtoto akakiweka chini, akaenda.

Jioni baba aliporudi alifungua silinda ya bastola ile mbele ya mke wake na mama yake mzazi. Ina matundu sita. Matano yalikuwa matupu. Risasi moja, ambayo yeye mwenyewe aliiweka miezi kadhaa nyuma ili aone inavyokaa na kisha akaisahau, ilikuwa kwenye tundu lililobaki. Lilikuwa ndilo tundu linalofuata.

Familia hii imekubali habari yake isimuliwe kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Mapenzi ya vitu vya kale

Baba huyu, mwenye umri wa miaka 41, si jambazi wala hajawahi kugombana na mtu mtaani. Ni mkusanyaji wa vitu vya kale. Sebule yake ina redio za mbao, saa za ukutani zisizotembea, kamera za filamu na chupa ya sarafu za heller za wakati wa Mjerumani. Majirani wanamtania kwamba nyumba yake ni tawi la Makumbusho ya Taifa.

Bastola ile, aina ya Webley iliyotengenezwa Uingereza, ilitoka kwa baba yake mzazi. Mzee huyo alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mwajiri wake, Mgiriki, alifunga virago. Siku ya kuagana alimwachia karani wake baiskeli na kifurushi. Baiskeli iliisha. Kifurushi kilihama na familia kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam, kikawa urithi.

Kutoka hapo mapenzi yakakua. Usiku baba alitazama kwenye simu video za wakusanyaji wa Marekani, ambako bunduki yenye umri wa miaka 50 au zaidi huhesabiwa miongoni mwa vitu vya kumbukumbu na mkusanyaji anaweza kuomba leseni maalumu. Baadaye akanunua bastola ya pili kwa familia moja ya Kilosa iliyotaka tu kitu kile kiondoke ndani. Hiyo ilikuwa Browning ndogo ya Ubelgiji, ya modeli ya 1910, aina ileile iliyotumika kumuua mwana mfalme Franz Ferdinand mjini Sarajevo, Juni 28, 1914. Mauaji hayo yalichochea vita ambayo kufikia Novemba mwaka huo ilikuwa imefika Tanga, na ambayo wapagazi wake ndio chimbuko la jina la Kariakoo.

Ukimsikiliza anavyoeleza unaelewa kwa nini alizipenda. Kwake hazikuwa silaha, zilikuwa historia inayoshikika. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekuwa akimtazama kila Jumapili hakuiona historia. Aliona kitu ambacho baba anakipenda kuliko vyote nyumbani, na ambacho yeye haruhusiwi kukigusa.

'Ya zamani' si 'mbovu'

Kosa la kwanza alilolifanya baba huyu ni la watu wengi: kudhani silaha ikizeeka inageuka pambo. Bastola ni chuma. Ikifutwa mafuta na kuwekwa pakavu, inaweza kufanya kazi miaka mia moja baada ya kutoka kiwandani.

Risasi nayo haina tarehe ya kuisha muda kama dawa. Ya zamani inaweza kugoma, inaweza kuchelewa sekunde kadhaa kisha ikalipuka, na inaweza kufyatuka kama mpya. Hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama.

Bastola zenye magazini zina mtego mwingine. Mtu huchomoa magazini, akaamini silaha iko tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Risasi hiyo moja inatosha.

Kwa mtoto madhara ni makubwa zaidi. Mwili wake ni mdogo, moyo, mapafu, ini na mishipa mikubwa vimekaribiana, na damu yake ni kidogo. Kiasi cha damu ambacho mtu mzima anaweza kupoteza na bado akafika hospitali akiongea, kwa mtoto wa miaka minne kinaweza kuwa ndicho kila alichonacho.

Kumkanya mtoto hakutoshi

Baba anasema alikuwa amemkanya mwanawe zaidi ya mara kumi. Hilo ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu ni kweli, na halikusaidia.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa katika makundi 29 ya watoto wawili au watatu, wakaachwa kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Makundi 21 yaliigundua. Makundi 16 kati ya hayo yaliishika. Katika makundi 10, angalau mtoto mmoja alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya watoto walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika.

Kati ya walioishika au kuvuta kifyatulio, zaidi ya asilimia 90 walisema walishawahi kufundishwa juu ya hatari ya bunduki.

Na hao walikuwa wakubwa kuliko mtoto wa Chamazi. Watoto wetu nao kila sikukuu ya Idi na Krismasi hununuliwa bastola za plastiki, wakalengana mitaani siku nzima huku wakubwa wakicheka. Mtoto wa miaka saba ataanzaje kujua kwamba ya plastiki ni mchezo na ya chuma ni msiba? Mkanye, ndiyo. Lakini usiyaweke maisha ya mdogo wake juu ya kumbukumbu ya mtoto wa darasa la pili.

Hofu ya polisi

Usiku ule mama watoto hakulala. Alfajiri alimwambia mumewe maneno machache.

"Baba watoto, mimi sikuolewa na bastola. Leo hii ziondoke."

Mume alitaka ziondoke, ila aliogopa. Hakuwa na leseni hata moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inafanya umiliki wa silaha bila leseni kuwa kosa la jinai, na kusema "ni ya marehemu baba" hakubadilishi kitu. Leseni hupewa mtu, kwa silaha yenye namba yake. Hairithiwi kama shamba la mikorosho.

Usiku huo mawazo mabaya yalimpitia: kuzitupa baharini Kigamboni, kuzifukia uani, kumrudishia aliyemuuzia. Yote hayo yangehamishia hatari kwa mtoto wa mtu mwingine.

Kilichomwokoa ni tangazo. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na kipindi kimojawapo kilikuwa bado hakijafungwa. Mama yake mzazi ndiye aliyekwenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti akampigia simu polisi kata. Askari walikuja wenyewe, wakazikagua, wakaandika maelezo, wakazichukua pamoja na risasi.

Mzazi afanye nini

Kama ndani ya nyumba, hasa nyumba ya marehemu, kuna silaha isiyo na leseni, usiifungue ili kuhakikisha kama ni nzima, na usiibebe kwenye mfuko ndani ya daladala. Waondoe watoto chumbani, funga mlango, toa taarifa kwa serikali ya mtaa au kituo cha polisi na uulize utaratibu. Usisubiri msamaha mwingine utangazwe.

Mwenye leseni naye ana wajibu. Silaha ikae haina risasi, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo usiwe juu ya kabati. Watoto wanajua kilichoko juu ya kabati. Na isishushwe, ifutwe au ichezewe mbele yao.

Ukimkuta mtoto ameshika silaha, mfanye kama alivyofanya bibi wa Chamazi: sauti ya chini, jina lake la mapenzi, aiweke chini, aje kwako. Ukipiga kelele atashtuka, na kidole kinachoshtuka hukaza.

Mtu akijeruhiwa kwa risasi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia, usijaribu kuitoa risasi, na mkimbizeni hospitali.

Jumapili iliyofuata

Baba alibakiwa na mfuko wa ngozi wa bastola ya mzee na picha moja ya baba yake akiwa amesimama na baiskeli. Picha ameitundika ukutani, chini kidogo, mtoto aweze kuiona.

Jumapili iliyofuata alikaa palepale dirishani na chupa yake ya mafuta ya cherehani. Safari hii alishusha redio ya mbao, akaifungua mgongo. Mwanawe akaja, akasimama mbali kidogo kama alivyozoea.

"Baba, ile ya babu iko wapi?"

"Ipo polisi."

"Itarudi?"

"Hairudi. Sogea hapa, nishikie hii bisibisi."

Mtoto akasogea, akaishika kwa mikono miwili.