Rota Mpya na Swali Tulilolizima

Sisi tufundishao masomo ya ufundi hupenda kusema kwamba mashine haidanganyi. Ni kweli, lakini mwalimu huweza kudanganyika, naye akaliambukiza darasa zima, kama yalivyotupata sisi katika somo la mfumo wa kuwasha injini ya petroli.

Zana yetu ni Land Rover ya Series IIA, aina iliyoundwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Kwa kufundishia haina mfano: kifuniko cha distribyuta kimeshikwa na vibanio viwili tu, na mwanachuo huona kwa macho yake pointi zikiachana na kugusana. Jioni moja kabla ya somo tulibadilisha pointi, kondensa na rota, tukaweka vipya kutoka dukani. Asubuhi injini ilikataa kuwaka.

Tuliwaagiza wanachuo waiache distribyuta, kwa kuwa vyote vilivyomo ni vipya, wakatafute hitilafu katika kabureta. Mwanachuo mmoja, msichana mkimya wa safu ya nyuma, akauliza: "Mwalimu, tumejuaje kuwa kipya ni kizima?" Tulimjibu kwa kejeli ambayo hatutairudia hapa. Wenzake wakacheka, yeye akafunga daftari. Saa mbili zikapotea kwenye kabureta isiyo na kosa.

Jioni tulirudi karakana peke yetu. Tuliunga balbu ya kupimia kutoka kwenye waya uendao toka koili hadi distribyuta, upande wake wa pili tukaugusisha chuma cha gari, kisha tukazungusha injini kwa hendeli: ikawaka pointi zilipoachana, ikazimika zilipogusana. Basi pointi zilikuwa zikikata umeme kama ipasavyo, wala kondensa haikuwa imeungana ndani. (Kondensa iliyokatika ndani ni jambo jingine: huunguza pointi na kudhoofisha cheche, na balbu haiwezi kuigundua.) Nafasi ya pointi ilikuwa milimita 0.38, ndani ya kiwango cha 0.35 hadi 0.40. Waya wa katikati, uliposhikwa milimita 6 kutoka kwenye injini, ulirusha cheche kali. Umeme ulitoka salama kwenye koili, ukapotelea mbele.

Ndipo tulipoifikia rota. Tulifungua kifuniko, tukaushika waya ule kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake milimita 3 juu ya shaba ya rota, swichi ikiwa imewashwa, tukawa tunaziachanisha pointi kwa kijiti kikavu. Rota nzima haivuti cheche mfululizo, kwa kuwa umeme hauna pa kwenda. Hii ilirukiwa kila mara: umeme ulipenya chini ya ribiti, ukaingia kwenye mhimili. Tulirudisha rota ya zamani, injini ikawaka papo hapo.

Kesho yake tulimwita yule mwanachuo mbele ya wenzake, tukakiri kosa letu, tukampa koleo. Alifanya kipimo bila kusita, akaeleza sababu yake kwa sentensi mbili, akarudi kitini.

Andalio la somo hilo sasa huanza na rota mbili mezani, zote mpya kwa sura, na wanachuo hawaambiwi ipi ni mbovu. Yule mwanachuo alikuwa amebakiza wiki nne chuoni. Hakuuliza swali tena.