Kipaimara kwa Beti

Sisi tuliosoma kipaimara mkoani Kagera miaka ya 1980 tuliijua Katekisimo Ndogo ya Martin Luther kwa kuikariri tu. Kila Jumamosi mwinjilisti alisimama na kijitabu chake, akataja amri, nasi tukatiririsha maelezo yake bila kuruka hata silabi. Aliyekwama alibaki amesimama mpaka mwenzake amwokoe. Nyimbo zilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kufungua kipindi, kukifunga, na kutuondolea usingizi jua linapokuwa kali. Siku ya kuulizwa maswali mbele ya usharika, hakuna mzee wa kanisa aliyegusia wimbo.

Nilipokuja kukabidhiwa darasa kama hilo Dar es Salaam, nililiendesha vilevile. Watoto wa mjini wanakariri upesi kutushinda sisi. Mitihani ya shule imewazoeza. Ila muulize binti wa kidato cha pili Amri ya Nane inamwambia nini kuhusu umbea unaoendelea kwenye kundi lao la WhatsApp. Atakutajia maelezo ya Luther yote, kisha atakutazama akisubiri swali linalofuata.

Kilichonifungua macho ni historia ya huyo Luther. Katekisimo ilitoka mwaka 1529. Lakini tangu 1524 alikwisha kutunga wimbo wa Amri Kumi na mwingine wa Imani. Sala ya Bwana akaitungia beti mwaka 1539, Ubatizo mwaka 1541. Kwa hiyo yule tuliyekuwa tukitumia jina lake kuwabana watoto wakariri, mwenyewe aliwaimbisha watu mafundisho hayohayo kabla ya kijitabu na baada yake.

Nikaanza na “Mfurahini, Haleluya”, kwa sababu ni wa nyumbani. Maneno yake aliyaandika Bernard Kyamanywa mwaka 1966, na sauti yake ni ya kwetu Tanzania. Miaka hiyo Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha katika chuo cha teolojia cha Makumira, alikuwa akikusanya nyimbo za aina hiyo, na mwaka 1968 zikatoka katika kitabu “Tumshangilie Mungu”. Vijana wangu walipoambiwa kwamba Wajerumani, waliotuletea nyimbo zao, nao wameutia wimbo huu katika kitabu chao cha kanisa, walicheka kwa raha. Mmoja akauliza kama wanaucheza au wanausimamia wima tu. Sikuwa na jibu, ila swali lilinipendeza.

Tulikwenda hivi. Tunaimba wote, kisha vitabu vinafungwa na Biblia zinafunguliwa, Mathayo 28. Nani anasema katika ubeti huu? Anamwambia nani? Mtunzi kachukua nini kwa Mathayo, na nini kaongeza mwenyewe? Vijana ambao walikuwa hawainui kichwa wakaanza kubishana. Upande mmoja ukasema ubeti ule ni wa malaika, upande wa pili ukasema hapana, hapo tayari ni sisi tunaosimulia. Katikati ya ubishi huo mvulana mmoja akauliza: “Mwalimu, kama Yesu kafufuka, mbona babu bado yuko kaburini?” Hapo ndipo tulipoifungua sehemu ya tatu ya Imani, inayotaja ufufuo, na siku hiyo sikuwa na haja ya kumwambia mtu aikariri. Waliitafuta wenyewe, wakaisoma mara mbili, wakaendelea kubishana hadi getini.

Si kila wimbo unafaa. Mapambio yanachangamsha ibada, nami nayapigia makofi kama wengine, lakini mstari mmoja unaorudiwa mpaka jasho litoke hauwezi kubeba somo la saa nzima. Simulizi za watunzi nazo zina hatari yake. Ukiwaeleza vijana habari za Horatio Spafford, aliyepoteza mabinti wanne meli ya Ville du Havre ilipozama Novemba 1873, akaja kutunga wimbo wa amani, wataikumbuka meli mwaka mzima. Wimbo wenyewe watausahau. Siku hizi naimba kwanza, tunaujadili, na habari ya meli naitoa mwishoni kabisa, mtu akiuliza.

Wazee walinung'unika mwanzoni. Waliona darasa limegeuka mazoezi ya kwaya, na simu nazo ziliwakera, maana watoto wengi husomea nyimbo humo. Kukariri hatukukuacha, na sikubaliani na wanaotaka kufutwe. Kilichokaririwa utotoni ndicho mtu anachokishika akiugua. Ila sasa kwenye siku ya maswali kila mwanakipaimara huchagua ubeti mmoja, akauimba au akausoma, akaueleza mbele ya usharika kwa maneno yake mwenyewe. Mzee aliyepinga kuliko wote ndiye anayeuliza maswali ya nyongeza, na hayaishi upesi.

Tatizo letu sasa ni vitabu. Nakala za “Tumshangilie Mungu” tulizo nazo ni chache, zimechakaa, na darasa linazitumia kwa zamu. Kama kuna nakala imelala kabatini kwako au kwa mama mkwe, iulizie, kisha ipeleke usharikani kwenu kwa mwalimu wa kipaimara.